Nyekundu ni mfupa, buluu ni gegedu



Ikiwa umewahi kupanda basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha, bila shaka unaujua mji wa Same. Basi likishapita Hedaru na Makanya, upande wa kulia milima ya Upare imesimama kama ukuta, na upande wa kushoto ni nyika kavu yenye miiba. Abiria wengi hununua chochote cha kutafuna, hujinyoosha viungo, kisha huendelea na safari wakidhani kwamba wilaya yote ya Same ni ukame ule ule. Lakini nyuma ya ukuta huo, upande wa mashariki, kuna Kisiwani, Gonja na Ndungu, ambako maji ya mlimani hushuka na kunywesha mashamba ya mpunga. Penye maji hayo pana mpunga, na penye mpunga pana mbu. Mazungumzo yangu ya leo yanaanzia huko.

Mwaka 2019 nilikwenda Ndungu kwa shughuli ya kifamilia. Mbuzi alichinjwa, na alipopasuliwa ikaonekana kwamba alikuwa na mimba. Mzee aliyekuwa akichuna alikitoa kile kijusi, akaushika mguu wa mbele kwa vidole viwili, akaukunja. Ukapinda kama ufito mbichi, wala haukuvunjika. Akatuambia sisi tuliomzunguka, "Huu bado si mfupa, ni gegedu tupu." Kisha akaagiza kijusi kikafukiwe.

Mlangoni mwa jiko alikuwa amesimama mpwa wangu, binti wa dada yangu, naye ameyaona yote. Jioni alinifuata pembeni, uso umemparama, midomo imemkauka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona hivyo?"

Akanieleza kwamba alikuwa na mimba ya miezi miwili, na homa ilikuwa imemshika kwa siku tatu. Alikuwa amekwenda kwenye duka la dawa kununua dawa mseto. Muuzaji aliposikia kwamba ni mjamzito, aliirudisha dawa kabatini akasema, "Hii hupinda mifupa ya mtoto tumboni." Hakumwambia aende wapi wala atumie nini badala yake. Basi mpwa wangu akarudi nyumbani, akachemsha tangawizi, akajifunika kitenge, akalala na homa yake. "Na leo nimeuona mguu wa yule mbuzi," akasema. "Mjomba, ndivyo mwanangu atakavyokuwa?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Nilichoweza kufanya ni kutafuta pikipiki na kumpeleka kwenye matibabu, ambako alipimwa, akakutwa na malaria, akapewa kwinini. Lakini swali lake lilinikaa moyoni, na tangu hapo nimelitafutia majibu. Nimegundua kwamba neno la yule muuzaji halikuwa uzushi, wala halikuwa kweli kamili. Lilitoka mbali, katika chupa ndogo zenye vijusi vya panya vilivyotiwa rangi mbili. Leo nataka nikueleze habari za chupa hizo, zinasema nini, na nini haziwezi kusema.

Tuanze na yule mzee mchuna mbuzi, maana alisema kweli. Shika sikio lako, ulikunje. Hilo ni gegedu: kitu kigumu kiasi, chenye kunyumbuka. Mifupa yetu mingi, ya binadamu na ya mbuzi pia, huanza tumboni ikiwa gegedu. Mwili kwanza huumba kielelezo cha mguu, cha mkono na cha uti wa mgongo kwa gegedu laini. Baadaye chumvichumvi zenye kalsiamu, madini yale yale yaliyomo katika chokaa na katika jasi ichimbwayo Makanya, huanza kujaa katikati ya kielelezo hicho na kuenea kuelekea kwenye ncha. Hapo gegedu hubadilika kuwa mfupa. Kazi hiyo haimaliziki siku ya kuzaliwa. Karibu na ncha za mifupa mirefu hubaki tabaka la gegedu, na ndilo linalomrefusha mtoto mpaka ujana wake utakapokwisha.

Sasa, mtaalamu akitaka kujua kama kijusi kimeumbika sawasawa atafanyaje? Akikata kwa kisu ataharibu. Vipande vingine ni vidogo kuliko chembe ya mchele. Dawa ya tatizo hili ilitoka kwa watia rangi wa vitambaa.

Mwaka 1736 daktari mpasuaji wa London aliyeitwa John Belchier alialikwa kula nyumbani kwa mwenye kiwanda cha kuchapa vitambaa. Ikaletwa nyama ya nguruwe, naye akashangaa kuona kwamba mifupa yake ni myekundu. Alipouliza akaambiwa kwamba nguruwe wale walikuwa wakilishwa pumba zilizotumika kiwandani pamoja na mizizi ya mmea unaotoa rangi nyekundu. Belchier akajaribu kumlisha jogoo mizizi hiyo, na mifupa ya jogoo nayo ikawa myekundu. Nyama ilibaki na rangi yake ya kawaida. Rangi ile ilikuwa imeichagua mifupa peke yake, kwa sababu hushikana na kalsiamu. Mwaka 1868 wanakemia wawili wa Ujerumani, Carl Graebe na Carl Liebermann, walifaulu kuitengeneza rangi hiyo bila mizizi. Jina lake ni alizarini.

Rangi ya pili ni changa zaidi. Inaitwa alsiani, ni ya buluu, nayo ilibuniwa Uingereza katika miaka ya 1940 kwa ajili ya vitambaa vile vile. Mwaka 1950 ikaanza kutumika katika maabara. Gegedu limejaa sukari za aina ya pekee zenye asidi, na alsiani huzing'ang'ania sukari hizo. Katika miaka ya 1970 wataalamu waliziunganisha rangi zote mbili katika kazi moja, na tangu hapo njia hiyo imeenea duniani kote.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Panya jike mwenye mimba hubeba kwa siku 21 au 22 tu. Siku ya 20 au 21 huuawa pasipo kuteswa, na vijusi hutolewa. Ngozi huondolewa, matumbo hutolewa, na kijusi huzamishwa katika spiriti kali ili kisioze, kisha katika asetoni ili mafuta yayeyuke. Halafu huwekwa katika rangi ya buluu iliyochanganywa na spiriti na asidi ile iliyomo katika siki. Gegedu likishakolea, kijusi hutiwa katika maji ya potashi yenye rangi nyekundu, nayo mifupa hukolea. Potashi hiyo hiyo, ikisaidiwa na gliserini, huifanya nyama iwe angavu kama kioo. Mwisho wake ni kijusi kilichohifadhiwa katika chupa ya gliserini, nyama yake haionekani, na ndani yake mmesimama kiunzi kizima cha mifupa: nyekundu palipo mfupa, buluu palipo gegedu. Kila ubavu unahesabika, na kila kidole.

Si kazi ya kuharakisha. Huchukua siku kadhaa, pengine majuma. Kijusi kikikaa mno katika asidi, kalsiamu huliwa, na mfupa uliokuwepo hukosa wekundu. Kikikaa mno katika potashi, viungo huachana na chupa hubaki na vipande. Mtaalamu mzembe anaweza kuzua ulemavu ambao haukuwepo.

Huenda ukauliza, msikilizaji, rangi mbili za nini? Nyekundu peke yake haitoshi? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ukitumia nyekundu peke yake, kisha ukaona pengo mahali palipostahili kuwa na mfupa, hujui maana yake. Pengine mfupa haukuumbwa kabisa. Au pengine gegedu lake lipo, zima na lenye umbo zuri, ila kalsiamu haijafika kwa kuwa kijusi ni kidogo au kimedhoofika. Ukiongeza buluu, jibu huonekana. Pengo likijaa buluu, huyo amechelewa, na yamkini atafika. Pengo likibaki tupu, huyo amekosa. Baina ya kuchelewa na kukosa kuna tofauti kubwa, na mzazi yeyote anaijua.

Dunia ilijifunza umuhimu wa uchunguzi wa namna hii kwa machozi. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomaidi iliingia sokoni katika Ujerumani Magharibi. Ilikuwa ya usingizi, na wajawazito wengi katika nchi nyingi waliitumia kutuliza kichefuchefu. Ilisifiwa kuwa salama. Kisha wakaanza kuzaliwa watoto wenye mikono mifupi mno, au wasio na mikono wala miguu. Dawa ikaondolewa sokoni Ujerumani mwezi Novemba mwaka 1961, lakini watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamekwisha kudhurika. Tangu hapo serikali nyingi zimetaka kila dawa mpya ijaribiwe kwanza kwa wanyama wenye mimba, na mifupa ya vijusi vyao ikaguliwe kimoja kimoja. Hivyo zile rangi za watia nguo zikawa mlinzi wa mlangoni.

Lakini tukio hilo lilikuwa na fundisho la pili, ambalo watu husahau. Thalidomaidi ilipokuja kupimwa kwa panya wenye mimba, haikuwaletea ule ulemavu wa mikono na miguu ulioonekana kwa watoto. Sungura na nyani waliuonyesha. Maana yake ni kwamba mtu angeweza kuangalia chupa za panya, akakuta nyekundu na buluu zote mahali pake, akasema dawa ni salama, na akawa amekosea vibaya sana.

Sasa turudi Upare. Malaria ya nyanda za chini za milima hii ina historia ndefu. Kati ya mwaka 1954 na 1959 eneo la Upare, pamoja na Taveta ng'ambo ya mpaka wa Kenya, lilikuwa uwanja wa jaribio kubwa lililojulikana kama Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta. Nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini ili kuua mbu, na mbu wa aina moja aliyekuwa akisambaza sana ugonjwa huo karibu atoweke. Malaria ilipungua sana. Lakini haikung'oka, na baada ya upuliziaji kukoma, ilirudi polepole. Mapambano yakabaki kwenye vidonge. Klorokwini ilitumika mpaka vijidudu vikaizoea. Mwaka 2001 Tanzania ikaibadili kwa SP, na hiyo nayo ikaanza kushindwa. Mwaka 2006 serikali ikaleta dawa mseto, ile ambayo waganga huiita ALu.

Nusu ya nguvu ya dawa mseto inatokana na mmea wa Kichina uitwao Artemisia, ambao umewahi kulimwa hata hapa kwetu. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake ndio waliopata asili ya dawa hiyo katika mmea huo mnamo mwaka 1972, na kwa kazi hiyo Tu alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Imeokoa watu wasiohesabika. Hata hivyo, dawa za jamii hiyo zilipojaribiwa kwa panya na sungura wenye mimba, matokeo yalitisha. Vijusi vingi vilikufa mapema na kuyeyuka tumboni. Miongoni mwa vilivyosalia, baadhi vilikuwa na kasoro za moyo, na vilipochunguzwa kiunzi vilionekana na mifupa mirefu ya miguu iliyofupika au kupinda.

Hapo ndipo lilipotoka lile neno la muuza dawa. Mifupa ilipinda kweli, lakini ya panya. Kwa sababu ya chupa zile, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwa miaka mingi kwamba mjamzito aliye katika miezi mitatu ya kwanza atibiwe kwa kwinini, na dawa mseto iwe akiba ya mahali ambapo dawa nyingine haipo au imeshindwa. Lilikuwa shauri la busara. Asiyejua kina cha mto huingia kwa fimbo.

Wataalamu wakaendelea kuuliza: kwa nini panya hudhurika? Wakagundua kwamba dawa hiyo huua chembe changa za damu za kiinitete, zile za mwanzo kabisa zinazobeba hewa. Kiinitete kikikosa damu hukosa hewa, na viungo vinavyojengwa siku hizo hudhoofika. Katika panya chembe hizo huumbwa kwa pamoja ndani ya siku chache, hivyo dawa ikipita wakati huo huzikuta zote. Katika binadamu huumbwa kwa majuma kadhaa, ilhali tiba ya malaria ni ya siku tatu. Baadhi hudhurika, nyingine huja nyuma zikaziba pengo. Hayo ndiyo maelezo yanayotolewa, lakini maelezo peke yake hayatoshi. Ilibidi watazamwe akina mama wenyewe.

Hapana mtu mwenye dhamiri atakayempa mjamzito dawa ya mashaka ili aone kitakachotokea. Lakini wanawake wengi huimeza kabla hawajajua kwamba wana mimba. Hao waliweza kufuatiliwa. Huko Rufiji, watafiti walifuatilia wajawazito zaidi ya 1,700, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo. Kati yao 172 walikuwa wametumia dawa mseto katika miezi mitatu ya kwanza, na haikuonekana kuongeza hatari ya mimba kuharibika. Kwinini, ile iliyodhaniwa kuwa salama zaidi, ndiyo iliyoambatana na hatari hiyo. Baadaye takwimu za nchi mbalimbali za Afrika na Asia zikaunganishwa, mimba zaidi ya 34,000, zikiwemo zaidi ya 700 zilizothibitika kupata dawa za jamii ya Artemisia mwanzoni mwa mimba. Matokeo mabaya hayakuwa mengi kuliko kwa waliotumia dawa nyingine. Na waliotumia dawa mseto ya ALu walipata matokeo mabaya machache kuliko waliotumia kwinini. Mwezi Novemba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili shauri lake: mjamzito mwenye malaria ya kawaida ya falsiparamu, hata katika miezi mitatu ya kwanza, atibiwe kwa ALu.

Weka sasa mambo haya mawili pamoja, msikilizaji. Thalidomaidi iliwaacha panya na viungo vyao ikawalemaza binadamu. Dawa mseto iliwapinda panya, na kwa binadamu hofu ile haikuthibitika. Kwa hiyo chupa yenye nyekundu na buluu si hakimu. Ni shahidi wa kwanza, shahidi mzuri anayetueleza tuangalie wapi na tujihadhari na nini. Hukumu hutolewa baada ya kuwasikiliza wote, na wa mwisho kusikilizwa ni mama na mtoto wake.

Kosa la yule muuza dawa halikuwa kujua habari za panya. Kosa lake lilikuwa kutoa nusu ya habari, kisha kumwacha mgonjwa arudi nyumbani mikono mitupu. Maana kuna jambo moja ambalo halikuwahi kuwa na shaka, wala mwaka 1959, wala 2019, wala leo: malaria yenyewe humdhuru mjamzito. Humpunguzia damu, huharibu mimba, humfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo, na huweza kumuua mama. Katika siku zile tatu, kilichokuwa kikimhatarisha mpwa wangu ni ile homa aliyolala nayo.

Kwa hiyo nasema na wewe dada unayenisikiliza, na wewe mume, mama mkwe na shangazi mnaokaa naye. Mjamzito akishikwa na homa, asisubiri na asijinunulie dawa kwa kubahatisha. Aende zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe damu, na aseme mimba yake ina umri gani, au kwamba anahisi anayo ingawa hana hakika. Dawa atakayopewa aimalize. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, na asikose kliniki. Na wewe muuza dawa, mtu akija dukani na mimba na homa, usimpe hofu akaondoka nayo. Mwelekeze kwenye tiba, na ukiweza msindikize.

Mpwa wangu alijifungua salama mtoto wa kike. Nilipokwenda kumtazama, nilimkuta bibi yake akimkanda miguu kwa mafuta, akiikunja na kuinyoosha kama kawaida ya bibi zetu. Mpwa wangu akanitazama, tukacheka wote wawili bila kusema kwa nini. Miguu ile ilikuwa na gegedu tele kwenye ncha zake, kama ya kila mtoto mchanga, maana bado ilikuwa na safari ndefu ya kurefuka.